Osiloskopu Yangu na Amplifaya ya Msikiti

Natamani nijizabe kofi! Nilijiundia osiloskopu, chombo cha kuchora mawimbi ya umeme, nikaiwekea kasi ndogo mno ya kuchukua sampuli, yaani yapima mara chache mno kwa sekunde, hata wimbi zima hulichora ovyo. Bwege mimi! Jana nikaipeleka msikitini, hapa Vitongoji, kupima amplifaya inayokuza sauti ya vipaza sauti vya adhana. Nikawasha maikrofoni, nikaanza kusema. Kioo kikachora mkorogo mtupu. Macho kwenye kioo, masikio nimeyasahau, nikamgeukia mwadhini wetu.

"Mzee Hamadi, umeiua amplifaya kwa makelele yako! Haitoi neno la kueleweka!"

"Mwanangu, adhuhuri si nimeadhini nayo?"

"Wajua nini wewe kuhusu umeme? Mzee mzima, kichwa maji!"

Simu ikalia. Mke wangu, yuko kondeni.

"Baba Salum, izime hiyo maikrofoni! Matusi yako twayasikia huku neno kwa neno."