Makinga Maji ya Mabira

"Maji tukiyazuia hapa juu, Bibi Shamba, yataenda wapi?"

Mzee Bigirimana aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza kazini, kwenye mteremko wa Mabira, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, ambako niliwachosha walimu kwa maswali. Hilo moja likanishinda.

"Yatazama ardhini, mzee."

"Ardhini ipi? Udongo wenyewe kina cha kiganja tu. Chini ni mwamba, tena umepasuka."

Wanakijiji waliokuja kuchimba mitaro wakacheka. Nililipeleka swali kwa Afisa Kilimo wa Wilaya. Hakuinua kichwa. "Binti, umeajiriwa kuuliza au kupima? Mimi nataka mita za makinga maji."

Nikapima. Makinga maji ni mitaro inayokata mteremko, yenye tuta upande wa chini, ili mvua isibebe udongo. Usawa tuliupata kwa fremu ya miti yenye umbo la A, na jiwe linaloning'inia kwa kamba. Mitaro yangu haikuvujisha hata tone, nami nikajisifu. Nikatangaza kwamba atakayebomoa tuta atafikishwa kwenye baraza la kata.

"Haya, waitu, ndugu yetu," alisema Mzee Bigirimana. "Wewe ndiye uliyesoma."

Masika iliyofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Mimi nilikuwa Kayanga, makao ya wilaya, nimepeleka taarifa ya mita. Siku ya nne jua liliwaka, na mchana mwamba ukaachia. Mawe yalipita katikati ya migomba. Nilirudi nikakuta wamemfukua mzee, jembe likiwa kando yake. Kwenye taarifa ya kifo niliandika: alikuwa akipalilia.

Nilihamishiwa Rugu, kisha Kanoni. Huko, kwa kusoma na kuchungulia nyufa, nilipata jibu: maji hujaa ndani ya mwamba uliopasuka, yakikosa pa kutokea huusukuma, hata mvua ikiwa imekatika. Tangu hapo sikuchimba mtaro usio na mdomo wa kutolea maji. Wakuu wangu waliniita mbishi.

Nilipostaafu nilikwenda Mabira kumwona mjane wa Mzee Bigirimana. Nikamtajia kwamba mumewe alifariki akipalilia.

"Nani anapalilia udongo umelowa vile? Alikwenda kulifungua tuta lako."

Kisha akaniambia kwamba wakati wa mvua ile mumewe alishuka siku mbili hadi ofisini kwangu kuomba ruhusa, na mara zote akakuta mlango umefungwa.