Pengo la Mama Nsimire

Naikumbuka vizuri, mwanangu, Jumapili tuliyopakia kontena la Mama Nsimire, mfanyabiashara wa Bukavu aliyenitunza nilipokuwa Guangzhou. Mimi binti wa Mombasa nilikuwa nasomea ujenzi wa vituo vya nyuklia. Wikendi nilimtafsiria kwa wenye maduka wa mtaa wa Xiaobei, naye akinilipa kwa ugali na ukali.

Mama hakuvumilia nafasi tupu. Ndani ya kila sufuria alitia viatu, ndani ya viatu akatia vijiko. Kontena lake likienda bandari ya Nansha, hata mende hakuwa na pa kugeukia. Basi aliponionyesha mchoro wa nyumba ya ghorofa atakayowajengea wanawe, sikushangaa, ila niliogopa. Ukuta wake ulibanana na ukuta wa nyumba yao ya zamani. Na Bukavu, mwanangu, ardhi hutetemeka.

"Mama, acha pengo hapa katikati," nikamwambia.

Kaka yake, Papa Bahati, aliyekuwa akipakia nasi, akacheka. "Weye petite, kitoto weye, ulishajenga nyumba ngapi?"

"Hata moja, Papa. Lakini ninayosomea mimi, ikipasuka mji mzima unahama."

Nikawaeleza. Kwenye kituo cha nyuklia, jengo la kinu, mtambo unaozalisha nishati, ni zito, kuta zake nene. Jengo la jirani yake ni jepesi zaidi. Ardhi ikitikisika, kila moja hucheza ngoma yake. Yakibanana yatagongana mpaka kuta zipasuke. Ndiyo maana huachiwa pengo, na mabomba yanayovuka pale hupewa mikunjo, yanyumbuke yasikatike. Ndani, makabati na matangi hukazwa sakafuni kwa bolti, maana ukuta waweza kusimama na tangi likaanguka, kinu kikakosa maji ya kukipoza.

"Donc, yaani pesa yote ile, na wanaacha nafasi bure?" Mama akauliza.

"Si bure, Mama. Ndiyo inayolinda majengo yote mawili."

Mama akauinamia mchoro. "Siku ardhi ilicheza kwetu," akasema polepole, "nilisikia nyumba ya jirani inagonga yetu, kama mtu anaomba kuingia."

Akachukua kalamu, akausogeza ukuta mwenyewe, huku akinung'unika kwamba nimemlia nafasi ya stoo yake.

Nyumba ikajengwa, miaka ikapita, siku moja Mama akanipigia simu. "Petite, imetikisika! Nyumba zimeyumba, kila moja kivyake. Watoto wote wako uani, wanakula." Nililia kwa furaha, wala sikuona haya.

Mwanangu, wahenga walituasa kuziba ufa, nao walisema kweli. Lakini pengo lililoachwa kwa akili si ufa. Ukijua jambo la kuokoa watu, liseme mbele ya wakubwa, kwa adabu na bila kutetemeka. Nawe ukishakuwa mkubwa, usione haya kusogeza ukuta. Mungu akupe msingi juu ya mwamba, na majirani wa kuyumba nao bila kugongana.