Nyumba Iliyopimwa kwa Kamba ya Mbuzi

Siku ile pale mwinukoni tulikuwapo hawa: baba mkubwa, kaka yake marehemu baba; mama mmoja mfugaji wa Kiorma, rafiki wa marehemu mama, aliyekuja na kibuyu cha maziwa; wadogo zangu, wasichana wawili na mvulana mmoja aliyeanza kuota ndevu; mimi, mkubwa wao; na mbuzi wa yule mama. Mbuzi namtaja pamoja na watu kwa sababu alifanya kazi kuliko baadhi yao.

Mto Tana ulikuwa umefurika ukaondoka na nyumba tuliyoachiwa na wazazi. Maji yaliposhuka, shamba letu karibu na Garsen lilibakiwa na mwinuko mmoja tu unaofaa kujengwa, mrefu kiasi, mwembamba. Baba mkubwa alikuwa ameshatugawa kichwani mwake: wasichana kwa shangazi huko Golbanti, mvulana kwa jamaa mwenye duka huko Madogo, na mimi kwake, nimtwangie mpunga. Nilikataa. Nilikuwa nimeacha shule ili nikae na hawa watoto. Sikuiacha ili niwaone wakipakiwa kwenye mitumbwi kama ndizi.

"Haya," akasema. "Nionyeshe nyumba inayoenea hapa, mvulana awe na chumba chake mbali na dada zake. Ukishindwa, kesho wanaondoka."

Kwetu nyumba ilipimwa kwa mkono wa mwenyewe, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Baba mkubwa alikuwa ameshakunja shati hadi begani. Nilijua hesabu yake. Nyumba ikipimwa kwa mkono wake itakuwa yake. Ikipimwa kwa wangu, atasema ni mkono wa mtoto, na ni wa kike.

"Hatupimi kwa mkono wa mtu," nikasema. "Mama, niazime kamba yako."

Ilikuwa kamba ya ngozi, imesukwa vizuri. Kwenye mwisho wake mmoja alikuwapo mbuzi.

Katika yote niliyofundishwa shuleni, lililonikaa ni umbo moja ambalo mwalimu alilichora ubaoni siku ya mvua: mstatili wa dhahabu. Ukiukata mraba, kipande kinachobaki ni mstatili uleule, mdogo tu. Ukikata mraba tena, unabaki uleule tena. Mwalimu alisema watu wa kale walilipenda umbo hilo kwenye majengo na picha zao, na kwamba hata konokono hujikunja kwa kulifuata. Tangu hapo nimepima vitu vingi kwa ukaidi tu. Konokono wa mtoni walikaribia bila kufika. Mlango wa duka Garsen ulikataa kabisa. Lakini siku ile sikuwa na shaka hata kidogo, maana sikuwa na kitu kingine.

Nikanyoosha kamba kukata upana wa mwinuko, nikatengeneza mraba wenye upana huo. Nikapigilia kigingi katikati ya upande wake wa chini, nikafungia kamba hapo, nikaivuta hadi pembe ya juu, upande ule mwinuko ulikoelekea. Sasa ilibidi kamba izungushwe ikiwa imekazwa, ishuke hadi usawa wa kigingi, na pale ingefika ndipo nyumba ingeishia.

"Mfungue kwanza mbuzi," akasema baba mkubwa.

"Mwache. Anaikaza vizuri."

Mdogo wangu wa kiume akamwonyesha mbuzi jani la mgomba, akaanza kurudi nyuma taratibu. Mbuzi akamfuata huku akivuta kwa nguvu zote, akachora duara safi kwa kwato zake.

"Ala! Mhandisi wenu ana ndevu!" baba mkubwa akacheka.

"Ndefu kuliko za mwanao," akajibu mdogo wangu, akijipapasa kidevu.

Mbuzi alipofika usawa wa kigingi, nikaweka alama. Hatua moja mbele yake mwinuko ulikuwa unaanza kushuka. Baba mkubwa akaacha kucheka, akaja kuangalia.

"Mraba huu mkubwa ni wetu wasichana," nikamwambia. "Kinachobaki nakikata mraba mwingine: chumba cha mvulana, na mlango wake unatazama nje. Kinachobaki tena nakata: jiko. Kinachobaki: kuku."

"Na kinachobaki baada ya kuku?"

"Wewe, ukija kututembelea."

Wadogo zangu wakaangalia chini wasionekane wakicheka. Baba mkubwa akamgeukia yule mama, apate mtu mzima wa kumuunga mkono. "Umeona wapi mwanamke anapima nyumba?"

Yule mama akafunika mdomo kwa shuka. "Sisi nyumba najenga mwanamke. Mwanamume nakaa nje, nangoja maziwa. Akishika fito, sisi nacheka mpaka jioni."

Baba mkubwa akatembea juu ya mistari yangu, akalala chali mahali pa mvulana kuona kama miguu itatoka nje. Haikutoka. Akainuka, akajikung'uta vumbi, akateremsha mkono wa shati. Kisha akaupandisha tena.

"Jembe liko wapi? Mashimo ya nguzo hayachimbwi na mbuzi."

Hakuna aliyeondoka kesho yake. Tulijenga, na tulipofika kwenye paa kamba za ukindu zikatuishia. Yule mama akamfungua mbuzi wake, akanipa ile kamba ya ngozi nifungie boriti ya katikati. Nikamuuliza nitairudisha lini.

"Siku nyumba naanguka," akasema.

Kila kiangazi, alipopita na ng'ombe wakishuka mtoni, aliingia, akatazama juu, akauliza, "Bado?"

"Bado, mama."

"Deni yangu nakaa mzuri," alisema, akaomba maji ya kunywa.

Siku hizi anakuja binti yake. Naye huanza kwa kutazama juu. Kamba ipo palepale, imekauka, ngumu kama mfupa, na bado sijairudisha.