Laptopu ya Kuangalia Tu

Leo nimemdanganya mwenye duka la kompyuta, na wala sikukusudia.

Nilitoka Mbale asubuhi kwenda Jinja kununua laptopu ya kazi. Mzee wa duka akaniuliza, "Kazi gani, binti? Kama ni kuandika tu, hii nyepesi inatosha. Kama ni video, chukua yenye kadi yake ya grafiksi."

Nikajibu haraka, "Video. Za harusi."

Akaleta ile nzito. "Nani anazihariri? Wewe?"



Aliyekuwa anahariri ni kaka yangu Shabani. Mimi nilipokea simu za wateja tu. Tulimzika kabla ya Ramadhani.

Machozi yakanitoka palepale, mbele ya watu. Mzee akaifunga ile laptopu polepole. "Pole, binti. Pole sana."

Nikamuuliza kama hiyo nyepesi inaonyesha video vizuri. Siyo kuhariri, kuangalia tu.

"Kuangalia? Bila shida."

Nimechukua hiyo.

Jamani, kama Shabani alipiga video ya harusi yenu, nitumieni. Najua haonekani. Lakini sauti yake imo, nyuma ya kamera, akiwaomba watu wasogee na wacheke kidogo.