Sanduku la Kufuli Mbili

Nikipita mtaa wa Chechelesi siku hizi kuna wanaume wazima, wenye wajukuu kama mimi, ambao wakiniona wanajipapasa mifukoni na kuulizana kwa sauti, "Jamani, nani ana funguo?" Halafu wanacheka mpaka chai inamwagika, na mimi nawatolea salaam aleikum naendelea na safari yangu, kwa sababu wana haki. Aibu ile niliitengeneza mwenyewe, tena kwa kikao, na kumbukumbu zikaandikwa.

Lazima mjue kwamba nilikuwa karani wa stoo ya serikali kwa miaka thelathini. Hata sepetu iliyovunjika mpini haikutoka mlangoni kwangu bila sahihi mbili. Kwa hiyo Saida, binti yetu wa pekee, aliporudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza kwa mama yake kama ilivyo kwetu (mumewe ni dereva wa lori, wakati huo alikuwa njia ya Moyale), nikaona begi dogo la kitambaa limewekwa kando ya mlango. Nikauliza ni la nini. Akasema, "Ni la hospitali, Aabo. Kila kitu kiko ndani." Pamba, leso tatu, nguo za mtoto, kitabu cha kliniki. Mtu mwenye akili angesema vizuri mwanangu. Mimi nilijiuliza: nani amelikagua?

Nikalibeba hadi barazani kwa marafiki zangu wawili, Mwarania mwenye duka la vifaa vya ujenzi na Ekal, dereva mstaafu wa jeshi. Mji huu wetu hata kuku akipotea huundwa kamati, sembuse mjukuu. Mimi nikawa mwenyekiti, Mwarania katibu, Ekal mweka hazina ingawa hakukuwa na hazina. Kati yetu sisi watatu hakuna aliyewahi kuvuka mlango wa leba, lakini jambo hilo halikujadiliwa. Mke wangu Fatuma tulimwomba atuletee chai. Kwenye kikao cha pili alisimama na birika mkononi akasema, "Naona pamba mmeitoa," nasi tukaandika kwamba maoni ya mama yamepokelewa.

Tuliamua begi la kitambaa ni hatari, mwizi anaweza kulichana kwa wembe, basi vitu vihamishiwe kwenye sanduku la bati, lile ambalo Saida alikwenda nalo shule ya bweni. Hapo ndipo uamuzi mdogo ulipozaa mkubwa. Sanduku lilikuwa na sehemu mbili za kufuli. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayelinda mali ya umma, kwamba kufuli ziwe mbili na kila ufunguo ukae na mtu wake, mmoja kwa mwenyekiti, mwingine kwa mweka hazina, ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Mwarania akatoa dukani kwake kufuli mbili nzito kuliko zote. Ekal akaufunga ufunguo wake kwa kamba ya kiatu, akauvaa shingoni.

Fatuma aliliangalia sanduku akaniambia, "Baba Saida, huyu mtoto anakuja kuzaliwa ama anaingia kidato cha kwanza?"

Saida yeye aliuliza tu, "Aabo, begi langu liko wapi?"

"Liko salama," nikamjibu.

Uchungu ulimshika adhuhuri, wiki mbili kabla ya siku iliyotajwa na kabla ya kikao chetu cha nne. Tukaingia kwenye tuktuk, Fatuma akimshika binti yake, mimi nimepakata sanduku magotini kama mtu aliyefiwa. Hospitalini askari wa lango akaniambia, "Mzee, shule ni ile nyingine," lakini nikampita, sina muda na watu wasiojua maandalizi.

Saida akaingizwa ndani. Sista akatoka akanyoosha mkono. "Kitabu cha kliniki. Haraka. Presha yake iko juu, nataka nione walikuwa wanampa nini."

Nilitoa ufunguo wangu kwa heshima zote, nikafungua kufuli ya kwanza. Halafu nikaikumbuka ya pili.

Nikampigia Ekal. Masikio yangu si mazuri, kwa hiyo simu huwa naiweka kwa sauti kubwa, na koridoo nzima ikasikia mbuzi wakilia.

"Mwenyekiti!" akasema Ekal. "Niko huku mbali Garbatulla, nanunua mbuzi. Lakini usijali, funguo iko shingoni. Hakuna mtu anaweza kufungua hiyo sanduku!"

"Ndiyo shida yenyewe, Ekal!"

"Hata mimi mwenyewe siwezi," akaendelea kwa furaha, "bila yako!"

Sista hakucheka. "Mzee, hicho kitabu umekisoma?" Nikamwambia ndiyo, nikatoa orodha mfukoni, nikasoma: namba nne, kitabu cha kliniki, kimoja, chini kabisa upande wa kushoto. Niliweza kumwonyesha kilipo hata nikiwa nimefumba macho, lakini kilichoandikwa ndani sikukijua hata neno moja. Sista akaniangalia kwa namna ambayo sijasahau. Nyuma ya mlango Saida akalia, "Mama!"

Askari yule yule wa lango ndiye aliyekimbia kumwita fundi wa kuchomelea ng'ambo ya barabara. Fundi akaja na msumeno wa chuma, akaikwaruza kufuli, akatikisa kichwa. "Hii imetoka kwa Mwarania. Hii haikatiki." (Mwarania hutumia maneno hayo mpaka leo kuuzia watu.) Basi akaiacha kufuli akakata bati, kelele zikajaza jengo, wagonjwa wakatoka wodini kutazama, na kifuniko kiliporuka vitu vikamwagika sakafuni mbele ya watu wote: tochi, redio ndogo ili mama asipitwe na habari, dawa ya viatu, sukari kilo mbili, faili la kumbukumbu za vikao, na fulana za kampeni za yule mgombea wetu wa Burat aliyeshindwa vibaya, ambaye mwenyekiti wa kamati yake naona aibu kumtaja, maana ni mimi.

Sista alichomoa kitabu akakimbia nacho. Nilikaa chini sakafuni kando ya sukari. Siku Saida alipozaliwa nilikuwa stoo nahesabu masepetu, Fatuma alikwenda hospitali na jirani. Kosa hilo nilitaka kulilipa, ndiyo sababu ya kamati yote ile, na sasa kwa mikono yangu nilikuwa nimemfungia mwanangu kitabu cha dawa zake.

Sijui nilikaa muda gani. Nilichosikia ni mtoto kulia. Sista akatoka, uso umelegea. "Wote wazima. Ni msichana. Nguo za mtoto?"

Fatuma akanigeukia. Ikabidi niseme ukweli: nguo za mtoto, na leso pia, ziliahirishwa hadi kikao cha nne kwa sababu hatukukubaliana rangi.

Mjukuu wangu wa kwanza alikuja duniani akazungushiwa fulana ya mwanasiasa. Fatuma akaitazama picha ya mgombea tumboni pa mtoto akasema, "Afadhali leo amepata mfuasi."

Saida hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema polepole, "Aabo, begi langu lilikuwa mlangoni. Lilikuwa na kila kitu." Nikamwambia, "Najua, mwanangu. Nilikosa mimi." Sikumtaja Ekal wala Mwarania.

Ekal aliniletea ufunguo Ijumaa, pamoja na mbuzi wa kuomba radhi. Kufuli ya pili sijaifungua hadi leo, imeng'ang'ania kipande chake cha bati juu ya kabati, naiona kila asubuhi nikivaa kofia.

Saida ana mimba tena. Begi lake liko mlangoni tangu Jumatatu, zipu iko wazi kidogo na ncha ya leso inaonekana. Nikitoka nalipita kwa mbali, mikono nyuma. Hata mlango wenyewe siku hizi sifungi.