Ukurasa Nilioupenda Kuliko Zote

Hadithi yangu ya kwanza niliiandika upya mara saba, hapa Kitengela, kwenye meza ya jikoni. Ilihusu mama aliyepoteza ng'ombe wote wakati wa kiangazi. Jirani yangu, mama aliyehama kutoka Isinya baada ya mifugo yake kufa, alikubali nimsomee. Nilipofika pale mama wa hadithi analia ukurasa mzima, jirani alinishika mkono.

“Mimi sikulia,” akasema. “Niliosha kibuyu cha maziwa, nikakirudisha mahali pake.”

Niliufuta ukurasa ule kwa uchungu. Wewe unayefuta zaidi kuliko unavyoandika, hujashindwa. Hiyo pia ni kuandika.

Nilipomsomea jirani tena, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ningeweza kumsomea binti yake pia.