Waraka wa Furaha na Mlango wa Masjala

Ijulikane kwa watumishi wote, wakubwa kwa wadogo, wanaolipwa kwa kufikiri na wanaolipwa kwa kunyamaza, kwamba kuanzia Jumatatu ijayo akili za ofisi hii zitakuwa na afya. Zitaipata kwa njia tatu: kusafiri, kusoma na kula vizuri. Atakayeshindwa kuwa na furaha aeleze sababu kwa maandishi.

Ndivyo ulivyosema waraka, au karibu na hivyo, ukiwa na mihuri miwili na sahihi ya Mkuu wa ofisi kwa wino wa kijani. Ulibandikwa ubaoni juu ya tangazo la choo kibovu. Kati ya hayo mawili, la choo ndilo lililokuwa na ukweli.

Aliyeubandika alikuwa mwanamke ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Masjala, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyetunza masjala, kile chumba cha mafaili mwisho wa korido. Jina lake halisi lilikuwa ndani ya faili lake, na faili lake alikuwa nalo mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuliomba.

Ofisi yenyewe kazi yake ilikuwa kukagua mizani za maduka na masoko, kuhakikisha kilo ya muuzaji ni kilo kweli, si robo tatu yenye majivuno. Watu waliokuwa na kazi ya kupima uzito wa mchele sasa walitakiwa kupima uzito wa moyo.

Bi Masjala aliusoma waraka akiwa na pini mdomoni. Kusafiri, sawa. Kusoma, sawa. Kula, sawa. Alipofika aya ya tisa nusura ameze pini. Aya ya tisa ilisema mafaili yatahamishiwa stoo ya chini, na chumba cha masjala kitageuzwa kuwa Chumba cha Utulivu, chenye zulia, maua ya plastiki na kaseti ya sauti ya maji yanayotiririka.

Hapo lazima niseme jambo alilokuwa nalo mama huyu, na ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kila siku, saa saba juu ya alama, alifunga mlango wa masjala kwa ufunguo, akavua viatu, akaweka miguu juu ya boksi la mafaili yaliyokufa, akala kiporo chake kwenye kibakuli, kisha akatazama ukuta hadi saa nane. Hakusali. Hakulala. Alitazama ukuta, nao ukuta, kwa adabu zake, haukumwomba kitu.

Nyumbani hakukuwa na ukuta wa namna hiyo. Kulikuwa na mama mkwe aliyefungulia redio mbili kwa sababu moja haikusema ukweli wote. Kulikuwa na mume aliyeuliza soksi zake ziko wapi huku amezivaa. Kulikuwa na mabinti watatu wenye kioo kimoja, na shemeji aliyekuja kukaa wiki moja, akaanza mwaka wa tatu. Kuanzia alfajiri mama huyu alikuwa mama, wifi, shangazi, mkwe, dada, na "wewe". Saa ile moja ndiyo pekee ambayo hakuwa wa mtu yeyote.

Na stoo ya chini haikuwa na mlango. Mchwa waliula zamani. Pale paliponing'inia mlango palining'inia gunia.

"Umeiona aya ya tisa?" aliuliza dereva wa ofisi, mtu mrefu aliyejua habari zote kwa sababu hakuwa na gari, gari lilikuwa bovu tangu mwaka juzi.

"Nimeiona."

"Watakupeleka chini na panya, Bi Masjala. Halafu watu wazima watavua viatu humu ndani wakisikiliza kaseti ya maji. Na bomba la choo linavuja bure, maji ni yale yale."

"Tutaona," alisema Bi Masjala. Waliomjua walijua kwamba neno hilo, mdomoni mwake, halikuwa jepesi.

Jumatatu akaja Mtaalamu wa furaha. Alikuwa kijana wa shati jeupe lisilo na kola, aliyezungumza taratibu kana kwamba chumba cha pili kuna mgonjwa. Alipita meza kwa meza akiuliza kila mtu furaha yake iko ngapi, kuanzia moja hadi kumi. Wakaguzi wa mizani, watu waliozoea kutoamini kipimo chochote kisicho na muhuri, walijibu saba. Wote. Saba ni namba isiyomletea mtu matatizo.

"Na wewe mama yangu, leo uko ngapi?"

"Niko masjala."

Mtaalamu akaandika kitu kirefu.

Wiki hiyo ilianza na kusoma. Kilinunuliwa kitabu cha furaha, nakala moja kwa watu arobaini. Ili isiwe upendeleo, dereva alikikata kwa wembe, kila mtu akapewa kipande chake, wabadilishane kila Ijumaa. Hawakubadilishana. Bi Masjala alipata mwanzo wa sura inayohusu kusamehe. Mwisho wa sura hiyo alikuwa nao mhasibu, ambaye alikataa kuutoa kwa sababu aliwahi kuitwa mchoyo. Hivyo katika ofisi nzima hakuna aliyejua kusamehe kunaishaje.

Kisha kula vizuri. Ilipigwa marufuku sukari kwenye chai, na badala ya maandazi ikaletwa sahani ya mbegu za maboga. Kufikia saa nne asubuhi wakaguzi walikuwa wanaangaliana kama mbwa wa majirani wawili. Siku ya tatu mtu wa mapokezi alikamatwa chooni, kile choo kibovu, akila andazi akiwa amesimama. Aliombwa maelezo. Alisema alikuwa anatafakari.

Jumamosi wakasafiri. Basi la kukodi, saa nne za vumbi kwenda kutazama maporomoko ya maji. Waligombania viti vya dirishani, kisha waliovipata wakafunga madirisha, kisha wawili wakatapika. Pale kwenye maporomoko Mkuu alitoa hotuba ndefu, na ule mshindo wa maji ukaifunika yote. Hiyo ndiyo faida ya asili ambayo Mtaalamu hakuitaja. Walirudi giza limeingia, nusu yao na mafua.

Jumatatu iliyofuata kila mtu alitakiwa kuandika ripoti ya jinsi akili yake ilivyonufaika. Hapo ndipo Bi Masjala alipokwenda kugonga mlango wa Mkuu, mikono nyuma, sura ya mtu asiye na hila hata ya kuku.

"Mzee, hizi ripoti za furaha. Niziweke faili moja, au kila mtu na faili lake?"

Mkuu aliegemea kiti. Alipenda kuulizwa.

"Kila mtu na faili lake. Furaha ni ya mtu binafsi."

"Na zije kwako moja moja?"

"Zote. Lazima nizisome mwenyewe."

"Haya, mzee."

Sasa, Mkuu huyu alikuwa na ugonjwa ambao mbegu za maboga haziutibu. Katika miaka sita ya ukuu wake hakuwahi kuachia karatasi ipite chini ya kalamu yake bila kuandika pembeni, kwa wino wa kijani: *Tafadhali fafanua.* Aliandika hivyo kwenye ripoti za mizani, kwenye maombi ya likizo, hata kwenye kadi ya mwaliko wa harusi ya binti wa mlinzi. Mlinzi, maskini, alifafanua.

Pia alikuwa na waraka wake mwingine, wa miaka miwili nyuma. Faili la mizani ya bucha fulani lilipotea likiwa na hoja isiyojibiwa, Mkuu akaitwa juu kujieleza, akarudi na hasira na kuandika kanuni: faili lenye hoja ambayo haijafungwa halitoki masjala kwa sababu yoyote ile. Chini ya "yoyote" alipiga mistari miwili. Watu wote walikuwa wameusahau waraka ule isipokuwa mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kutosahau.

Ripoti zikaenda. Ripoti ya Bi Masjala kuhusu safari ilikuwa hivi: "Nilikwenda. Nilirudi." Ilirejea na wino wa kijani: *Tafadhali fafanua.* Mhasibu aliandika kurasa nne kuhusu maporomoko: *Tafadhali fafanua.* Dereva aliandika kwamba safari ilimkumbusha jinsi gari lilivyo: *Tafadhali fafanua gari lipi.* Arobaini zilitoka, arobaini zilirudi. Watu wakafafanua; ufafanuzi nao ukatakiwa ufafanuliwe. Bi Masjala alizipanga kwenye rafu, zilipojaa akazipanga sakafuni, na kila siku saa saba alifunga mlango na kutazama ukuta. Lakini sasa aliutazama kama mtu anayeaga.

Siku ya zulia ikafika. Mtaalamu alikuja na utepe wa kupimia, nyuma yake vibarua wawili na zulia begani, na Mkuu katikati akitabasamu kama bwana harusi.

"Tuanze kutoa mafaili," alisema Mkuu.

Bi Masjala alisimama mlangoni. Mkononi alikuwa na karatasi moja.

"Mzee, haya hayatoki. Yana hoja."

"Hoja za nani?"

"Zako, mzee."

Alimpa waraka. Mkuu akausoma, akaiona sahihi yake, akaona mistari yake miwili. Vibarua walihamisha zulia bega hadi bega.

"Basi hoja zifungwe," alisema Mkuu.

"Zinafungwa ukiridhika na majibu. Unaandika tu, 'Imefungwa'. Hili hapa la kwanza."

Mkuu alichukua faili. Bi Masjala akashika fremu ya mlango, kwa sababu hapo ndipo ilipokuwa roho yake: neno moja tu la kijani, mara arobaini, na saa yake imekwenda. Mkuu alisoma ukurasa. Akatoa kalamu. Akasoma tena, midomo ikicheza, paji la uso likijikunja. Kalamu ikashuka. Mtu mzima alijitahidi, kila aliyekuwepo aliona alivyojitahidi, jasho lilimtoka. Kisha mkono ukaenda pembeni ya karatasi wenyewe, kama punda ajuaye njia ya nyumbani.

*Tafadhali fafanua.*

Alifunga faili bila kumtazama mtu.

"Zulia lipelekwe stoo," alisema.

Chumba cha Utulivu kipo mpaka leo, chini, nyuma ya gunia. Maua ya plastiki yapo. Panya wamekipokea vizuri.

Mtaalamu, kabla hajaondoka, alizunguka na namba zake mara ya mwisho, maana ripoti yake nayo ilitakiwa kupata mafanikio mahali fulani. Wote walisema saba. Bi Masjala pekee alisema tisa. Akaitwa mbele ya watumishi wote, Mkuu akapiga makofi, na Mtaalamu akafungua daftari kwa ile sauti yake ya wodini.

"Mama yangu, wewe ndiye umefika mbali kuliko wote hapa. Tusaidie na sisi. Ni safari, ni kitabu, au ni chakula?"

Bi Masjala alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro dakika mbili.

"Nafunga mlango," alisema, akaenda kuufunga.